Pale Aliposimama Mihayo

Chuo cha Ualimu,
Keza, Ngara.
3 Septemba 1978

Kaka Anastazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limetulia. Mimi sijambo, ila baridi ya huku asubuhi si ya kawaida, tunaoga kwa kutegeana. Mpe mama shikamoo yangu. Mwambie karanga alizompa Mihayo aniletee zilifika nusu, maana Mihayo ana mikono mirefu na safari ilikuwa ndefu. Nimesikia dada Zita amejifungua mtoto wa kike, hongera kwa wote.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, na najua ndilo ulilokuwa ukilitafuta tangu ulipofungua bahasha.

Mwaka huu ungekuwa wetu. Mashindano ya wilaya yameanza, na timu itakayoshinda itakwenda Bukoba kucheza na za wilaya nyingine. Mafowadi tunao. Gozbert, winga wetu wa kushoto, ni mwembamba kama fito, lakini akishaupata mpira humshiki mpaka auweke golini. Mwalimu wa michezo amenifanya kapteni na kuniachia nipange timu mwenyewe. Watu wa Rulenge walikuja kututazama mazoezini wakaondoka wamenuna.

Tatizo ni mabeki, Anatory wa kulia na wenzake. Wanapitika. Tunafunga matatu, tunafungwa manne. Tunaongoza mpaka dakika za mwisho, halafu mtu mmoja anatoka katikati ya uwanja na mpira wake na mabeki wangu wanamwachia njia kama anakwenda kusalimia wakwe. Mimi golini nimegeuka mwokota mipira. Hatuna nyavu, milingoti mitupu, kwa hiyo likiingia bao naufuata mpira mpaka kwenye mihogo ya chuo, nikirudi watu wanacheka. Jumapili iliyopita nilirudi nalia kaka, sikuficha.

Wewe ulikuwa beki wa timu ya Biharamulo kabla goti halijavunjika. Niambie nifanye nini.

Mihayo anawasalimu wote, hasa wazazi wake. Tumemweka mbele, namba tisa, kwa sababu ya urefu wake, lakini ni kazi bure. Mpira ukimfikia anautazama kwanza, kama anataka kuuliza jina lake. Mechi ijayo nadhani nitamkalisha nje.

Ni mimi mdogo wako,
Ansbert


Kijiji cha Ujamaa,
Nyarubungo, Biharamulo.
24 Septemba 1978

Mdogo wangu Ansbert,

Marahaba. Barua yako ililala Biharamulo mjini ikingoja mtu wa kuja huku, mpaka mimi mwenyewe nilipokwenda bomani kwa shughuli za ghala la pamba. Mama hajambo, anakohoa kidogo jioni. Mtoto wa Zita wamemwita Restituta, jina la bibi, na sauti ya bibi anayo pia. Pamba mwaka huu imekuwa chache, nakaa ghalani nikihesabu panya.

Kama ujuavyo, barua yako si yako peke yako. Mzee Ndassa alipoona bahasha mkononi mwangu aliweka chini kibuyu chake cha maziwa, akavuta kigoda, akasema, "Soma." Mihayo mwanaye haandiki, anasema wewe unaandika kwa niaba ya wawili, na mzee hajui kusoma. Tangu alipohamia hapa kutoka Shinyanga na ng'ombe wake sijawahi kumwona akikaa kitako muda mrefu hivyo. Nilimsomea yote, hata lile la kuuliza jina la mpira. Hakucheka. Mpira hajawahi kuuona, akanitaka nimweleze. Nikachora uwanja chini kwa kijiti.

Alitazama, akasema, "Kumbe huo mpila ni ng'ombe na shamba. Hawa wanaingiza, hawa wanazuia."

Nikasema ndiyo baba, ndivyo.

"Basi ng'wanone, mwanangu, mnamweka upande wa kuingiza kwa nini? Tangu mdogo nimemfundisha kuzuia. Dume likitoka zizini yeye halikimbilii. Anasimama mbele yake tu, linarudi."

Ansbert, niliona aibu, kwa sababu mimi ndiye niliyecheza mpira miaka tisa. Mzee amesema kweli. Mrudishe Mihayo nyuma, namba tano, katikati. Usimfundishe mbwembwe. Mwambie asiukimbilie mpira, asimame kati yake na goli, na amtazame mtu kiunoni, si miguuni, maana miguu hudanganya. Anatory mwache beki wa kulia. Nami nakwambia hutaokota tena mipira kwenye mihogo.

Na usisahau nilivyomwahidi mzee siku mnaondoka. Mihayo ndiye mwana wake wa pekee, alikuwa hataki aende chuo, alitaka abaki na ng'ombe. Nilimwambia, "Anakwenda na mdogo wangu, watarudi pamoja." Kwa hiyo mwangalie.

Kaka yako,
Anastazi


Chuo cha Ualimu,
Keza, Ngara.
22 Oktoba 1978

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo tena. Mama aendelee kutumia majani ya mpera kwa kikohozi. Mimi na Mihayo tu wazima kabisa.

Kaka, mlango umefungwa. Nilimweka Mihayo namba tano kama ulivyoniagiza, na tangu hapo mechi nne hatujafungwa hata bao moja. Sijui nikuelezeje. Hakimbii. Fowadi anakuja mbio, anamkuta Mihayo amesimama tu, mikono chini, na uso ule wake wa kufikiri mambo mengine. Yule mtu anaanza kusitasita, anajaribu kulia, anajaribu kushoto, mwishowe anautoa mpira nje mwenyewe. Gozbert anasema hata yeye mazoezini anaogopa, si kwa sababu Mihayo anapiga watu, ila kwa sababu huoni pa kupita. Mabeki wengine nao wamejifunza kwake, sasa wanasimama.

Rulenge tuliwafunga matatu. Murgwanza mawili. Jana watu walimbeba Mihayo mabegani wakamzungusha uwanja mzima, naye akawa anauliza atashushwa saa ngapi, ana njaa. Golini kwangu naota jua. Mwambie Mzee Ndassa kwamba mwanaye ndiye timu, sisi wengine tunamsindikiza.

Huku asubuhi tunafanya gwaride la mgambo kabla ya masomo. Kuna maneno mengi ya mpakani kule Missenyi, lakini nadhani yatapita. Zimebaki mechi chache tu, kaka. Bukoba tunakwenda.

Ni mimi,
Ansbert


Kijiji cha Ujamaa,
Nyarubungo, Biharamulo.
20 Novemba 1978

Mdogo wangu,

Marahaba. Utakuwa umesikia redioni yote tuliyoyasikia sisi, kwa hiyo sitayarudia. Maneno ya mpakani hayakupita. Malori yote yamechukuliwa kwenda vitani, hata lile la pamba, na barua hii nampa dereva wa serikali nikimwomba Mungu asiisahau mfukoni. Sabuni hakuna, mafuta ya taa hakuna. Watu wa kutoka Missenyi wanapita barabarani na magodoro vichwani. Mama anawapikia uji na kulia, analia na kupika.

Kijiji kimetoa vyakula na ng'ombe kwa ajili ya askari. Mzee Ndassa alileta dume lake jeusi, lile kubwa. Nikamwambia baba, hukuombwa hilo, wengine wanaleta mbuzi. Akanijibu, "Wale ni watoto wa watu, wacha washibe." Mgambo wa hapa nao wamekwenda. Mimi nilijitokeza, daktari akalikunja goti langu, nikapiga kelele, akaniambia nirudi ghalani. Nimekuwa mwanaume pekee wa umri wangu anayepita njiani mchana, na wanawake wananisalimia kwa upole unaoniumiza.

Barua yako ya mabao ndiyo imetuweka hai. Nimemsomea mzee mara nyingi sana, sasa anaijua kwa moyo. Jioni anawasimulia wachungaji wenzake, "Wanakuja, wanamkuta, wanarudi." Mama Mihayo anakusalimu, anasema usimwache mwanaye alale njaa.

Mwache Mihayo pale pale. Usiguse kitu.

Kaka yako,
Anastazi


Chuo cha Ualimu,
Keza, Ngara.
17 Desemba 1978

Kaka Anastazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mama anapata nguvu za kupika. Hapa chuoni tu wazima, chakula kimepungua, tunakula ugali na maharage mchana na maharage na ugali jioni. Mvua ni nyingi.

Mashindano hayakusimama. Wamesema yaendelee, na kiingilio kiende kuchangia vita. Jumamosi tulicheza na watu wa Kabanga. Gozbert alifunga mawili, na jingine tulipata kwa penalti. Tulifungwa matano. Wiki moja kabla yake tulifungwa manne. Uwanja ulikuwa umejaa maji, viatu vinateleza, na refa naye hakuwa mtu wa haki. Anatory nimemweka namba tano, anajitahidi. Kwa pointi bado tupo, mafowadi wanatubeba, ila nyuma kunavuja tena.

Sina mengi. Wasalimie wote wanaoniulizia.

Ansbert


Kijiji cha Ujamaa,
Nyarubungo, Biharamulo.
14 Januari 1979

Mdogo wangu Ansbert,

Marahaba. Mwaka mpya umetukuta salama, tunamshukuru Mungu kwa hilo. Kikohozi cha mama kimeshuka kifuani, Zita amehamia hapa kumwangalia.

Nimesoma barua yako mara mbili nikiwa nimesimama mlangoni mwa ghala. Unaniambia mvua, unaniambia viatu, unaniambia refa. Mimi nimekuwa beki. Beki aliyeizuia Rulenge na Murgwanza hapigwi matano kwa sababu ya matope, na kapteni mwenye akili hamtoi namba tano kama huyo akamweka Anatory. Mihayo hukumtaja hata mara moja. Mihayo hayupo uwanjani, Ansbert. Na kama hayupo uwanjani, basi najua alipo, maana najua vijana wote wa mwili ule walipo kwa sasa.

Mzee Ndassa alikuja jioni ile ile na maziwa. Akakaa. Akasema, "Soma."

Nilianza na salamu. Nikasoma ugali na maharage, akacheka. Nilipofika kwenye mabao, ulimi ukagoma. Nikasoma, "Tulicheza na Kabanga, tukafunga matatu, hatukufungwa. Mihayo alisimama vizuri." Nilisoma macho yakiwa kwenye karatasi, kama vile yameandikwa pale. Mzee akapiga goti lake kwa kiganja, akasema, "Wanamkuta, wanarudi."

Nilidhani nitasema mara moja tu. Lakini juzi akaniuliza kama kuna barua nyingine, nikasema ipo, nikachukua karatasi ya bei za pamba, nikamsomea mechi nzima ambayo haikuchezwa. Nikampa Mihayo sifa zote nilizozitaka mimi ujanani. Nilikuwa nacheza vizuri sana katika mechi ile. Mzee aliondoka akitembea kama kijana, na mimi nikabaki nimekaa, najichukia.

Sasa anasema akimaliza palizi anataka kuja Keza amwone mwanaye akizuia. Niandikie ukweli upesi, nijue la kumwambia.

Anastazi


Chuo cha Ualimu,
Keza, Ngara.
11 Februari 1979

Kaka yangu,

Shikamoo. Namwombea mama.

Nitakuandikia yote, ingawa Mihayo alinikataza. Alisema, "Usimwambie baba, atanifuata kwa miguu." Ndiyo maana niliandika habari za mvua. Sikuweza kukudanganya kwa jina lake, nikaona nilinyamazie.

Ilikuwa katikati ya Novemba. Tulikuwa tumemaliza mechi hapa hapa chuoni, na hatukufungwa. Alikuja bwana mmoja wa jeshi kutafuta watu wa kujaza kikosi. Mkuu wa chuo alitaka kwenda kumwita kila mwanachuo kutoka bwenini, yule bwana akasema hana haja, hawa waliokuwa uwanjani wanamtosha kwa leo, ameshaona pumzi zao. Akatupanga kwenye mstari wa goli, akatuambia tuvue fulana. Akapita akitushika mabega, mmoja mmoja. Kaka, beki anapangwa nyuma kwa sababu ya mwili wake. Wale wale niliowachagua mimi ndio aliowachagua yeye. Mihayo wa kwanza. Beki wa kushoto, halafu hafu wawili wa katikati. Anatory alimwacha kwa sababu siku ile alikuwa anachechemea. Gozbert alishikwa bega, yule bwana akatabasamu, akapita. Mimi nilisukumwa pembeni kwa upole. Waliokaa nje ya uwanja siku ile hawakuitwa kabisa.

Na alipokuwa namba tisa nilikuwa nimeshaamua kumkalisha nje, unakumbuka. Nilikuandikia mwenyewe.

Mihayo hakukataa. Aliuliza tu kama watakula kabla ya kuondoka. Alipanda gari amevaa viatu vyangu vya mpira kwa sababu vyake vilikuwa vimechanika. Tangu hapo nimepata salamu zake mara moja, kupitia mtu, kwamba yuko mzima na kwamba huko nako anasimama katikati.

Tumebaki timu ya watu wembamba. Tunafunga, tunafungwa. Juzi tulifungwa sita. Mpira ukinipita sikasiriki tena, naufuata tu kwenye mihogo. Tumefika mechi ya mwisho, ya tarehe 17 Machi, na sijui tumefikaje, wala simwoni anayejali.

Nakuomba mzee asije. Mwambie chuo kimefungwa, mwambie kuna ndui, mwambie lolote.

Ansbert


Kijiji cha Ujamaa,
Nyarubungo, Biharamulo.
11 Machi 1979

Ansbert,

Marahaba. Mama amelazwa Biharamulo, Zita yuko naye.

Barua niliyokuomba uniandikie upesi haijafika. Gari la posta halijaja huku tangu mwezi uliopita. Nakuandikia haraka, nampa kijana wa misheni anayekwenda kwa baiskeli, pengine atawahi.

Mzee Ndassa ameondoka leo alfajiri kuja kwenu. Amebeba samli kwenye kibuyu na kiko chake na fimbo. Nilimwambia njia ni mbaya, akasema ameshaswaga ng'ombe kutoka Shinyanga mpaka hapa. Nilimwambia wakati huu wa vita wazee hawasafiri. Akaniuliza, "Mwanangu anacheza au hachezi?" Nikasema anacheza. Ningesema nini, nami ndiye niliyemchezesha kila wiki? Nilimfuata mpaka barabarani na goti langu, nikataka kumwambia pale, mdomo ukafunguka, nikamwambia amsalimie.

Mpokee. Kama kuna neno la kusemwa, nimekuachia wewe, na najua ni dhambi.

Kaka yako


Chuo cha Ualimu,
Keza, Ngara.
18 Machi 1979

Kaka,

Shikamoo. Jinsi mama anavyoendelea sijui, naomba unijulishe.

Kijana wa misheni alifika leo asubuhi, mzee alishafika jana.

Kabla sijakueleza ya jana, ujue hili. Alhamisi mkuu wa chuo aliniita ofisini, mimi peke yangu kama kapteni, akaniambia nikae. Mihayo ameuawa ng'ambo ya mpaka. Wamemzika huko huko. Aliniambia wazazi watapelekewa taarifa kwa utaratibu wa serikali, nisiwatangulie. Nikatoka, nikaenda kupanga timu. Sikumwambia mtu. Sikujua mikono yangu niifanyie nini kaka, nikachukua chokaa nikachora uwanja upya.

Jana timu zilikuwa zimeshaingia nilipomwona. Alikuwa amesimama nyuma ya goli langu, vumbi mpaka magotini, kibuyu begani. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akatazama uwanja wote kutoka kushoto kwenda kulia.

"Mihayo anasimama wapi?"

Nikamwonyesha. Nikanyoosha mkono, nikasema, "Pale baba, mbele yangu, katikati." Sikuweza kusema jingine na filimbi ikalia. Nadhani alielewa kwamba Mihayo bado anakuja. Akaegemea fimbo, akawa anapatazama pale nilipomwonyesha. Anatory alikuwa anapita pita hapo, mzee hakumjali, alikuwa anatazama nafasi.

Bao la kwanza lilipita hapo hapo. Nikageuka kuufuata mpira, nikamkuta mzee ameshauokota, ananipa kwa mikono miwili. La pili vilevile, akauokota, akanipa. Tulipobadilisha magoli alizunguka uwanja mzima taratibu, akaja kusimama nyuma yangu tena. La tatu akauokota. Gozbert alikuwa ameshafunga mawili kule mbele, watu wanashangilia, nami nasikia pumzi za mzee nyuma yangu tu.

La nne lilipoingia aliuokota mpira, lakini hakunipa. Aliushika kifuani.

"Hawa wanapita," akasema. "Mlango uko wazi. Mwanangu yuko wapi?"

Wachezaji walikuwa wananiita. Refa akapuliza filimbi, akapuliza tena. Nikamwambia. Nilimwambia yote mawili pale pale kwenye mstari, kwamba alikwenda na kwamba harudi. Sikumpa hata kigoda.

Halafu akanyoosha mikono, akanipa mpira, akasema, "Chukua, wanakungoja."

Kaka, nilirudi kucheza. Sijui kwa nini. Tulifungwa mengine mawili, na kila mpira ulipopita mzee aliufuata mwenyewe kwenye mihogo na kuniletea, mpaka mwisho. Bukoba hatuendi. Leo alfajiri ameondoka, hakutaka kusindikizwa. Samli ameiacha bwenini, kwenye kitanda cha Mihayo, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Ansbert


Kijiji cha Ujamaa,
Nyarubungo, Biharamulo.
22 Aprili 1979

Mdogo wangu Ansbert,

Marahaba. Mama ametoka hospitali, anakaa juani. Barua zako mbili zimenifikia siku moja, ile ya Februari na ya Machi, pamoja na taarifa ya serikali. Wiki iliyopita watu walicheza ngoma hapa kwa habari za Kampala kutekwa. Nilicheza nao kidogo, ili wasinione.

Mzee Ndassa aliporudi hakuja kwangu. Wamenyoa nywele, wameomboleza bila maiti, wachungaji wenzake wamekaa naye. Nilikwenda kila siku, nikakaa mwisho kabisa wa watu, hakuna aliyenifukuza. Maziwa hayakuja.

Jana alikuja. Hakuwa na kibuyu. Akavuta kigoda, akasema, "Soma. Sasa soma zilizoandikwa."

Nilizitoa zote, Ansbert. Nikasoma tangu ya Septemba, pamoja na kila bao. Nilipofika mahali palipoandikwa hatujafungwa, akainua mkono nikanyamaza, kisha akasema nirudie, nikarudia. Ya Desemba nikaisoma ilivyo, matano na manne. Ya Februari nikaisoma na mstari wa goli na mabega. Niliposoma kwamba wale uliowachagua wewe ndio aliowachagua yule bwana, akatikisa kichwa.

"Siye mdogo wako aliyemchagua," akasema. "Ni mimi na wewe. Mimi nilisema azuie, wewe ukaandika."

Nikasema ndiyo, baba.

"Na halafu ukamwamsha kila wiki, mtoto amekwenda, wewe unamchezesha."

Nikasema ndiyo.

Akainuka, akaniambia nimfuate. Tulikwenda mpaka kwenye zizi lake. Ng'ombe walikuwa bado malishoni. Akachomeka fimbo mbili ardhini mlangoni pa zizi, akazipima kwa macho, akaniuliza kama goli ni pana hivyo. Nikamwambia sogeza kidogo. Akasogeza. Akarudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa miti, akageuka.

"Sasa simama pale anaposimama mwanangu."

Nikaenda nikasimama. Namba tano, mbele ya goli, katikati, mikono chini, kama nilivyokufundisha umfundishe. Sikujua nimtazame au nitazame chini. Mzee alikuwa ananitazama, ila aliyekuwa akimwona si mimi. Goti lilianza kuuma, likavimba, jua likahama upande wa pili wa zizi, na mimi sikuthubutu kuketi. Tulikaa hivyo mpaka ng'ombe waliporudi, wakaja moja kwa moja, wakanikuta pale mlangoni, wakapita.

Kaka yako,
Anastazi